Mlanguzi wa Pamba Nyeupe

Watu wakinikuta sokoni Mkolani huniuliza kama ni kweli Mzee Okomo alikuwa mlanguzi. Huwa nawajibu vibaya. Mtu mzima na akili zake anauliza kama mtu aliyefunga mto tumboni alikuwa na tumbo! Lakini nikifika nyumbani nikavua viatu, naanza kujiuliza mwenyewe, kwa sababu katika habari ya mtu huyu yamo mambo niliyoyaona kwa macho yangu na bado sijui yamekaaje. Nitayasema kama yalivyotokea. Atakayeyaelewa aje anieleweshe, chai ipo.

Mimi naitwa Bernadeta. Kwa karibu miaka ishirini nilikuwa mwigizaji, mtunza mavazi na mwandishi wa barua wa Kikundi cha Sanaa cha Pamba Nyeupe, hapa Mwanza. Msimu wa pamba ukifika tulipanda lori tukazunguka vijijini. Tulicheza ngoma, tuliimba, na mwisho tulionyesha mchezo wa kuigiza wa kuwafundisha wakulima. Kikundi kilianzishwa na ushirika mwaka 1974. Baada ya miaka miwili ushirika ukavunjwa, tukaambiwa sasa sisi ni wa mamlaka ya pamba. Mwaka 1984 ushirika ukarudishwa, na sisi tukarudishwa pamoja na meza, mizani na mapipa ya dawa. Karatasi inayosema sisi ni mali ya nani sijapata kuiona hata siku moja. Mshahara ulikuwa unakuja, tukanyamaza.

Jonathan Okomo tulimpata mwaka 1979. Alikuwa mlinzi wa lango katika kiwanda cha kuchambua pamba, mtu wa upande wa Shirati, ukoo wa wavuvi tangu babu yake. Kiongozi wetu, Mwalimu Josephat, alimsikia siku moja akimfokea dereva wa lori, akasema sauti ile haiwezi kuachwa ikalinda geti. Akamfunga mto tumboni, akampa nafasi ya Bwana Tumbo, mlanguzi anayewaibia wakulima. Nafasi hiyo ilikuwa wazi kwa muda mrefu, kwani Wasukuma wote kikundini tuliikataa. Nani atarudi kijijini kwake baada ya wakwe kumwona akiwa mwizi wa pamba? Tukampa mgeni. Nasema ukweli hata kama unaniaibisha: tuliona kuwa Mjaluo hata akitukanwa huku, shangazi zake wako mbali, hawatasikia.

Mchezo wenyewe haukuandikwa popote. Ulikaa vichwani na miguuni mwetu. Mimi nilikuwa mke wa Bwana Tumbo, kazi yangu kumtetea kwa makelele. Mkulima analeta robota la pamba, anasema, hili ni kilo hamsini. Bwana Tumbo analibeba begani kwa mkono mmoja, anatangaza kilo hamsini kwa sauti ya kutetemesha uwanja, kisha analitundika kwenye mizani. Hapo ndipo anaingiza goti chini ya robota na kulinyanyua kidogo. Mkulima haoni, ila uwanja mzima unaona. Bwana Tumbo anasoma, kilo thelathini. Watu walikuwa wakipiga kelele hadi mishipa ya shingo inawatoka. Robota letu tulilijaza makapi, maana hakuna mtu wa kubeba pamba ya kweli kila siku kwa msimu mzima, tena kwa mkono mmoja.

Sungusungu walipoanza kulinda vijiji, mwisho wa mchezo tuliwaachia wenyeji. Kila kijiji kilichagua mtu wake wa kupuliza filimbi na watu wake wa kufunga kamba. Filimbi ikilia, wanaruka uwanjani, wanamkamata Bwana Tumbo, wanamfunga mikono na kumzungusha huku watu wakiimba. Kuchaguliwa ilikuwa heshima. Nimewaona wanaume wazima wakigombana juu ya nani atashika kamba. Kwa hiyo, tangu hapo, Okomo hakumaliza mchezo hata mmoja akiwa huru. Wengine walikaza kamba kweli, na mimi ndiye niliyekuwa nampaka mafuta ya taa na chumvi mikononi tukishapanda lori.

Na mtu mwenyewe alikuwa mpole, mpole wa kuudhi. Akirudishiwa chenji iliyozidi alirudi dukani kwa miguu hata kama ni kutoka Mkolani hadi mjini. Wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mwaka 1983, mgambo wa mtaani waliingia kwake wakakuta magunia mawili ya mchezo tuliyoyaandika SUKARI kwa rangi nyekundu. Wakachana moja, zikamwagika pumba za mpunga. Badala ya kucheka wakamuuliza sukari ameipeleka wapi. Alilala mahabusu siku mbili mpaka Mwalimu Josephat alipopeleka barua. Nilipomuuliza kwa nini hakuwaambia kuwa yeye ni mwigizaji, alisema aliwaambia, wakamjibu kwamba hata wao wamemwona akiiba, tena Misungwi, mbele ya watu elfu.

Jambo lililomuuma hasa ni binti yake, Akelo. Mama yake alifariki binti akiwa mdogo, akalelewa na baba peke yake. Shuleni walimwita binti wa mlanguzi. Alipofika darasa la tano akaacha kabisa kuja kutazama maonyesho yetu, na njiani akimwona baba yake anakuja alivuka upande wa pili. Okomo hakumlaumu. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunakunja mavazi, kwamba anatamani Akelo amwone japo mchezo mmoja akimaliza amesimama, mikono yake ikiwa yake.

Basi yakaja hayo mageuzi. Mwaka 1994 tukasikia kwamba sasa mtu yeyote mwenye fedha anaweza kununua pamba, si ushirika peke yake. Ushirika ukapunguza wafanyakazi, na sisi tulikuwa wa kwanza kupungua. Lori likauzwa tukiwa bado tumeacha ngoma mbili ndani. Mwaka mzima tulikaa hatujui kama kikundi kipo au kimekufa. Mwalimu Josephat alikuwa akituita nyuma ya nyumba yake Nyegezi tufanye mazoezi, tunafanya, tunarudi nyumbani, na hakuna aliyeuliza mazoezi ya nini.

Mwaka uliofuata, kabla msimu haujafunguliwa, akaja Bwana Venant. Tulimjua. Alikuwa karani wa ushirika, yeye ndiye aliyekuwa akitugongea mihuri ya posho. Sasa alikuwa mnunuzi binafsi wa pamba mwenye pikapu mbili na mizani mpya kabisa. Alisema wakulima wanawaogopa wanunuzi binafsi kwa sababu ya mambo tuliyowafundisha sisi wenyewe. Alitaka tuwafundishe upya. Tungeanza na onyesho moja Kisesa, na likienda vizuri atatuchukua msimu mzima, kijiji kwa kijiji, mpaka Magu na kupita. Likiharibika, kila mtu ashike njia yake. Mwalimu Josephat akauliza mnunuzi atachezwa na nani. Bwana Venant akamtazama kana kwamba ameuliza jua linatokea wapi. Akasema Okomo, na mto wa tumboni ubaki, maana watu wanamjua.

Mazoezi ya mchezo ule yalinitia wazimu. Bwana Tumbo aliingia vile vile, kofia ile ile, mwendo ule ule, lakini sasa alitakiwa kuwa mtu mwema. Analipa taslimu, anapima kwa haki, anampa mkulima mkono, nyimbo zinapanda, mwisho. Siku ya pili Okomo akasimama katikati ya mazoezi.

"Mwalimu," akasema, "huyu ni Bwana Tumbo yule yule, au ni mwingine?"

"Ni yule yule. Nyakati ndizo zimebadilika."

"Basi miaka yote hiyo tulikuwa tunamsingizia?"

Mwalimu Josephat akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema tuanze tena pale mkulima anapoingia. Mimi nilikuwa nasubiri jibu kuliko Okomo mwenyewe, kwa sababu kama tulikuwa tunamsingizia, basi mke wake aliyekuwa akimtetea kwa makelele ndiye peke yake aliyekuwa akisema kweli, na mke huyo ni mimi. Na kama hatukumsingizia, sasa tunafanya nini? Nililala na swali hilo, nikaamka nalo.

Okomo aliacha kuuliza. Alikuwa ameona ule mwisho. Kila mazoezi tukifika pale pa kupeana mikono, alisimama katikati, kifua mbele, mikono wazi, na hakutaka kutoka hata Mwalimu akisema imetosha. Akamwomba Akelo aje Kisesa. Binti alikuwa na miaka kumi na saba wakati huo. Hakusema atakuja, hakusema hatakuja, na siku yenyewe tukamkuta amekaa kwenye pikapu kabla yetu sote.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kazi ya kuandika barua ya kutangulia kijijini ilikuwa yangu, na barua ile niliijua kwa moyo: tunaomba mtuandalie uwanja, maji ya kunywa, benchi mbili za wageni, filimbi na kamba. Niliandika kama nilivyoandika miaka yote, nikaikunja, nikampa kondakta wa basi la Magu. Filimbi na kamba hazikuwa na kazi tena katika mchezo ule mpya. Sikufikiri. Mkono uliandika wenyewe.

Kisesa walitupokea kama ndugu waliopotea. Kiongozi wa sungusungu, Mayala, alikuwa na filimbi shingoni na kamba mpya ya katani begani. Nilipoiona kamba nikajua nimefanya nini. Nikamfuata Mwalimu Josephat nikamnong'oneza. Akasema yeye mwenyewe atamweleza Mayala, lakini wazee walikuwa wanamsalimia mmoja mmoja, shikamoo na marahaba zisizokwisha, na ngoma ikaanza kabla hajamfikia.

Bwana Venant alikaa benchi ya mbele na miwani ya jua. Mizani yake mpya ilikuwa imetundikwa uwanjani, kwa sababu alitaka watu waizoee. Alitaka pia pamba iwe ya kweli na mkulima awe wa kweli. Akachaguliwa mama mmoja wa pale, Kashindye, akaleta robota lake. Okomo akaingia. Watu wakalipuka kwa kicheko kabla hajafungua kinywa. Akaahidi kulipa taslimu, wakacheka. Akaahidi kupima kwa haki, wakaanguka juu ya mabega ya wenzao. Waliona Bwana Tumbo amekuja na ulaghai mpya, tena mzuri kuliko wote. Bwana Venant naye alikuwa akitabasamu, akidhani hiyo ni furaha ya soko huria.

Okomo akainama kubeba robota la Kashindye kwa mkono mmoja, kama kawaida yake. Halikunyanyuka. Akatumia mikono miwili, magoti yakamtetemeka, akalitundika. Mshale ukazunguka ukasimama kwenye arobaini na nane. Akautazama. Akalishusha, akaliweka begani, akalitundika tena. Arobaini na nane. Goti lake lilikuwa mbali, kila mtu aliliona. Mimi nilikuwa pembeni yake, nikiwa mke, nikamsikia akisema kwa sauti ya chini kwamba pamba hii inazidi hamsini, inazidi mbali sana. Nikamwambia asome, amalize, Akelo anatazama.

Akamtazama Akelo kweli. Kisha akavua kofia, jambo ambalo halikuwamo katika mchezo wowote.

"Jamani," akasema, si kwa sauti ya Bwana Tumbo, "mizani hii inaiba."

Halafu filimbi ya Mayala ikalia. Walikuja watu wanane, kumi, na kamba, nami nikafumba macho kwa mazoea. Nilipofumbua nikaona wamempita Okomo. Walikwenda benchi ya mbele. Bwana Venant alisimama akicheka, akawatolea mikono mwenyewe, akiamini amepewa heshima ya kuingizwa kwenye mchezo. Alicheka mpaka fundo la pili. Okomo wakambeba juu juu, na mto wake, wakamzungusha uwanja mara tatu wakiimba. Akelo alikuwa anakimbia kando yao akiita, "Baba! Baba!" Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimwita hivyo mbele za watu.

Nataka niseme nilifurahi, kwa sababu nilifurahi. Nililia. Nilisahau msimu, nilisahau makubaliano yetu na Bwana Venant.

Bwana Venant alilala amefungiwa ofisi ya kata. Kesho yake asubuhi akaja mtu wa mizani wa serikali kutoka wilayani na sanduku la mawe yake ya kupimia. Akaweka jiwe la kilo kumi, mshale ukasema kumi. Akaongeza mpaka hamsini, mshale ukasema hamsini. Akarudia. Mizani ilikuwa sawasawa. Okomo akaenda kwenye pikapu, akarudi na robota letu la makapi, lile la mazoezi, lile alilolitangaza uwanjani miaka yote kuwa kilo hamsini. Akamwomba yule bwana alitundike. Lilisoma kilo kumi na tisa.

Sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Mtoto wa mvuvi, mlinzi wa geti, hajabeba pamba ya shambani hata mara moja katika maisha yake. Sisi ndio tuliolifundisha bega lake uzito, na tulilifundisha uongo. Nani wa kulaumiwa hapo? Aliyejaza makapi ni mimi.

Bwana Venant hakutupeleka polisi. Alimwambia Mwalimu Josephat maneno machache tu, kwamba alikuwa amepanga nasi msimu mzima, akapakia mizani yake akaondoka. Tulirudi Mwanza kwa basi, na Pamba Nyeupe iliishia hapo Kisesa. Wakulima walipoambiwa mizani ilikuwa sawa walisema mkaguzi amehongwa. Pamba yao wakamuuzia mnunuzi mwingine ambaye hakuleta mchezo wala hakukalia benchi. Kashindye mwenyewe alinisimulia baadaye kwamba robota lake lile lile kwa huyo lilisoma arobaini na moja, na kwamba bora huyo, maana yule wa kwanza alikuwa mwizi.

Mkolani, Akelo alikuwa amebadilika. Alisimulia habari ile kisimani, dukani, kanisani, jinsi baba yake alivyomfichua mwizi mbele ya wilaya nzima. Aliyemwita binti wa mlanguzi sasa alijibiwa. Okomo alimkalisha chini akamweleza ukweli wote, mawe ya kupimia, kilo kumi na tisa, yote. Akelo akamwambia aache kujishusha, wakubwa ndivyo wanavyowafanyia watu wema. Okomo akaja kwangu siku hiyo hiyo. Hakuketi.

"Nimefungwa mara mia tatu kwa makosa ambayo sikufanya," akaniambia. "Hili nimelifanya, na wananibeba. Twende Kisesa."

Tulikwenda siku ya mnada, watu wamejaa, ng'ombe, nguo, masufuria. Hakuvaa mto wala kofia. Alipanda juu ya kreti ya soda, na kabla hajasema neno watu walikwisha kumzunguka, wanaitana, Bwana Tumbo kaja. Akasema jina lake ni Jonathan Okomo. Akasema mizani ya Bwana Venant ilikuwa sawa, yeye ndiye ambaye hajui uzito wa pamba, amemsingizia mtu asiye na kosa, wakamfunga mtu huyo kwa sababu yake. Alisema anaomba radhi kwao na kwa mtu huyo. Alipofika kwenye jina la Bwana Venant akalia mbele yao, mwanaume wa miaka hamsini na ushei, machozi yanadondokea shati.

Kisha mtu mmoja nyuma akapiga makofi, na wengine wakafuata, wakapiga kwa muda mrefu. Mimi nikapiga kelele kwamba huu si mchezo, wajinga nyinyi, mtu anasema kweli. Wakacheka sana. Mke wa Bwana Tumbo siku zote alikuwa akipiga kelele hivyo hivyo.

Okomo akashuka kwenye kreti. Kashindye akapenya katikati ya watu na kuku mwekundu aliyefungwa miguu, akapiga goti kidogo, akampa. Akamwambia kilio kile cha mwisho kimemwingia moyoni, kizuri kuliko vyote kikundi kilivyowahi kuwaletea, na mwakani wasikiondoe. Okomo akampokea kuku kwa mikono miwili, akasema ahsante.